Miche Isiyopenda Mvua

Mwalimu alinyoa ndevu kwa wembe mmoja wiki nzima, hata mbili, mpaka mkewe akimwona asubuhi anageuza uso. Lakini kwa miche yake alifungua wembe mpya kila siku ya kazi. Aliuvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akafuta kila nusu kwa spiriti, na nusu hizo hazikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote. Ukimuuliza, alisema kidevu chake kimeshazoea taabu.

Miche yenyewe ilikuwa ya mpungate, ile mimea ya miiba ambayo sisi wa Roret tunaiita tu kaktasi. Mahali pengine hilo lisingekuwa jambo la kuongelewa. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, nguo nzito hukaa kwenye kamba siku tatu, na chai hunywa hayo maji yote ikabaki inataka mengine. Katikati ya kijani hicho chote, mtu mzima amejaza veranda yake vitu vya jangwani vinavyooza vikirushiwa matone mawili. Aliviweka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na mitungi ya plastiki iliyokatwa nusu, chini ya nailoni nyeupe ambayo alipanda juu mwenyewe kuiziba kila ilipotoboka. Akina mama waliopita na vikapu vya majani mgongoni walimchokoza.

"Mwalimu, hii miiba utakula ama utauza?"

"Nitakaa nayo tu," alijibu. "Nyinyi si mnakaa na mabwana zenu?"

Wakacheka mpaka kituo cha kupimia majani.

Sitaeleza ukoo wake wala alikozaliwa. Kwao ni ng'ambo ya Chepilat, upande wa Wakisii, na hilo linatosha. Alikuja huku kufundisha, akanunua kipande cha shamba karibu na letu, akapanda chai kama sisi, na wiki sita zilizopita tumemzika hapo hapo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha jirani yake, na mwisho nikawa mikono yake. Ni hii habari ya mikono ninayotaka kuieleza, na nitaifikia, ila si jambo ninaloweza kuliendea moja kwa moja.

Alitufundisha sayansi na Kiswahili. Sisi watoto wa Kikipsigis tulikuwa tukichanganya b na p, basi akatushikisha kila mmoja kipande cha karatasi mbele ya mdomo. "Ikitikisika ni p. Isipotikisika ni b. Mpaka mwezi uishe nataka karatasi zitulie." Darasa zima tukawa tunapuliza karatasi asubuhi mpaka saa nne. Mpaka leo nikisema "baba" kwa haraka huwa nausikia mkono wangu unataka kupanda mdomoni.

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa mahali tulipoketi, na mimi nilikuwa "wa dirishani." Nilipoolewa, nikazaa, nikawa Mama Chero kwa watu wote, aliniita hivyo mbele za watu ili kunipa heshima yangu. Tukibaki wawili, nilirudi kuwa wa dirishani, mwanamke wa miaka hamsini na meno mawili ya kubandika.

Alitupiga pia. Sitaficha hilo kwa sababu amekufa. Alikuwa na kiboko cha mti wa kahawa na alikitumia kwa mtoto aliyechelewa, aliyeshindwa hesabu, aliyecheka wakati si wa kucheka. Nilipokuwa mkubwa, siku moja nikimtazama akiinua mche kwa ncha ya sindano, pumzi ameishika asiupulize, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza mikono hii ndiyo ile au ana mingine.

Alimaliza kwanza alichokuwa akifanya. "Nilikuwa na haraka," akasema. "Nilidhani mtoto akisukumwa ndiyo anakua."

Ukikaa karibu na mtu miaka mingi unaacha kushangaa mambo yake, lakini ya Mwalimu yalinishangaza mpaka mwisho. Alikuwa na chai ekari nzima na nusu, na hakuwahi kuinywa. Kwake ulipewa chai ya maziwa iliyokolea, yeye akashika kikombe cha uji, akasema chai ni ya wageni. Aliwaogopa ng'ombe. Huku kwetu, ambako mtu asiye na ng'ombe anaonewa huruma, Mwalimu alizunguka njia ndefu ya mtoni asipite mbele ya ndama aliyefungwa. Kanisani alikuwa na sauti mbaya kuliko zote, na ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kitabu hakukuazima hata ungelia, lakini ukisifu mche wake mara moja tu, ulirudi nyumbani nao.

Kazi yenyewe aliiita kubebesha. Mbegu ya mpungate ni kama vumbi, na mche ukitoka huwa mdogo kuliko punje ya wimbi. Ukiuacha kwenye udongo wake, hasa kwetu, unyevu unauozesha kabla haujafika popote. Kwa hiyo unautafutia mpungate mwingine wa kuubeba, ule wenye shina la pembe tatu unaopanda ukuta na usiojali mvua. Unakata kichwa cha mkubwa. Unakata mizizi ya mdogo. Ukitazama kwa makini, ndani ya kila kidonda kuna duara dogo la rangi hafifu, na hilo ndilo njia ya maji. Unamkalisha mdogo juu ya mkubwa kabla vidonda havijakauka, duara liguse duara, hata kwa ukingo tu, na utomvu wenyewe unashika. Halafu unafunika kwa glasi. Yule wa chini Mwalimu alimwita yaya, na yule wa juu mtoto.

"Sasa inabaki ile kazi ngumu," alipenda kusema.

"Gani, Mwalimu?"

"Kuondoka. Usifungue, usiguse, usimpe maji juu. Mwache na yaya wake."

Aliondoka kweli. Alikwenda kuchuma chai, akarudi, akapita kando ya ile glasi bila kuitazama, na mimi nilijua anavyojizuia kwa sababu aliimba.

Mwaka mmoja wa uchaguzi mambo yalichafuka, majirani wakageukiana kikabila. Watu wa ng'ambo ya Chepilat waliokaa kwetu walianza kufunga mizigo, na Mama Kemunto, mkewe, akafunga yao. Mwalimu akasema haendi. Alikuwa na miche kumi na mmoja chini ya glasi, siku ya pili tu, na ikisafirishwa itaanguka. Mkewe alilia, akambeba mtoto wao wa pekee, Kemunto, akaenda kwa ndugu zake. Yeye akabaki na makopo yake.

Alfajiri baba yangu alivaa koti, akachukua fimbo, akaenda kukaa kwenye veranda ile. Alikaa siku tatu. Hakusema amekuja kulinda mtu. Alisema amekuja kusomeshwa habari ya miiba.

"Mwalimu, hii kitu inakula nini?"

"Haili, mzee."

"Na kunywa?"

"Kidogo sana."

"Basi ni kama wewe tu. Sasa kwa nini bibi yako alikimbia?"

Siku ya tatu vijana walikuja mpaka langoni. Baba aliinuka, mzee wa watu, magoti yakilia. Akawaambia, "Huyu ananifundisha. Nyinyi pia mnataka kusoma? Kama mnataka, kujeni mkae chini. Kama hamtaki, msiniharibie darasa." Walisimama pale muda mrefu, wengine wakiwa wanafunzi wa Mwalimu mwenyewe, kisha wakaenda zao. Mwalimu hakumshukuru baba kwa maneno, sijui kama angeweza. Alimpa mmoja wa ile miche kumi na mmoja, na baba akauweka dirishani kwa jiko na kutukataza sote kuusogelea.

Kemunto ndiye aliyejifunza ile kazi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa na macho ya kuona lile duara bila miwani na vidole visivyotetemeka. Akiwa darasa la sita alibebesha mche wake wa kwanza, ukashika, na Mwalimu akauzungusha kanisani kama ametoa mtoto kwa ubatizo. Nilimpenda msichana yule. Alikuwa na tabia ya kukaa kwa jiko langu na kula viazi vya moto huku akivilaumu kwamba vinamchoma.

Alisomea uuguzi, kisha akaenda Marekani, katika jimbo moja la joto ambako mipungate huota yenyewe kando ya barabara, mirefu kuliko nyumba. Kutoka huko alimtumia babake mbegu. Zilifika ndani ya kadi za Krismasi, zimefungwa kwenye karatasi nyembamba na kubandikwa kwa gundi, na kila karatasi imeandikwa kwa mwandiko wake ule wa kulala. Mwalimu alipanda zote, isipokuwa pakiti moja. Hiyo Kemunto aliandika juu yake, "Hii tutapanda pamoja nikija." Mwalimu akaiweka ndani ya Biblia.

Hakuja. Ule ugonjwa wa barakoa ulimkuta kazini kwake, akiwahudumia wengine, na kwa siku tisa ukammaliza. Ndege hazikuwa zikiruka. Tulimzika Kemunto kwa simu. Simu ilikuwa yangu, kwa sababu ilikuwa na kioo kikubwa, nami niliishika mbele ya Mwalimu na mkewe sebuleni kwao, mkono ukinifa ganzi. Tukaona majani makavu, watu wanne waliofunika nyuso, sanduku. Kisha picha ikaganda. Tulikaa tukiitazama ile picha iliyosimama karibu saa nzima, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema imekwisha.

Kwetu, uwe Mkipsigis au Mkisii, mtu huzikwa nyumbani. Hata aliyekufa Mombasa huletwa. Mahali pa Kemunto palikuwa pametengwa chini ya nyumba, pale chai inapoanzia, na pakabaki hivyo hivyo, nyasi tu. Mwaka uliofuata tukamzika mamake kando ya pale. Daktari alitaja moyo, na sisi pia tungetaja huo huo. Baada ya hapo Mwalimu alikuwa na kaburi moja la kwenda kukaa na nafasi moja ya kukaa akiitazama, na nilimwona mara nyingi zaidi mbele ya nafasi.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, walimwambia. Mikono nayo ikaanza kutetemeka, mwanzo kidogo, baadaye hata kikombe cha uji akawa anakishika kwa viganja viwili. Mwanzoni mwa mwaka huu aliniita, akanipa Biblia, akasema niitafute ile pakiti.

"Ulisema unaingoja," nikamwambia.

"Nilimngoja yeye. Nikiendelea kungoja, sitaona."

Mbegu zilikuwa zimezeeka. Tulizipanda kwenye kopo lenye mchanga, tukafunika, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipita kutazama kwa niaba yake. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Wiki ya tatu ukatoka mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na hapo zikafunga mlango. Mitatu, tena dhaifu, rangi ya maziwa yenye kijani kidogo. Mwalimu alinifanya nimweleze kila mmoja mpaka maneno yakaniisha. Akasema hawa hawatasimama kwa miguu yao, lazima wabebeshwe, na mvua kubwa ziko njiani.

"Nani atawakata?" nikauliza, na nilijua.

"Wewe una mikono ya kitalu."

Ni kweli, ninayo. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye kitalu cha chai. Nimekata vipandikizi vya chai, jani moja na kipande cha kijiti, kwa maelfu, na mkono wangu hauna mchezo. Na ukiwa mtu wa kitalu cha chai, kitu kimoja kinaingia ndani yako na hakitoki. Kipandikizi hakipaswi kukauka hata kwa dakika. Ukikata, unatia kwenye ndoo ya maji. Ukipanda, unamwagilia. Unafunika kwa nailoni na jasho lake linashuka ndani, na ukiona jani limekunjika, hata kama ni Jumapili na umevaa ya kanisani, unakimbilia pampu.

Tuliwabebesha siku ya Jumamosi. Mwalimu aliketi kando yangu, mkono juu ya goti langu, akisikiliza wembe. Niliwakata wote watatu. Niliyaona yale maduara, nikayakutanisha, nikamwambia, na yeye akatoa pumzi kwa kila mmoja. Nilipoweka glasi ya tatu alishika kichwa changu kwa mikono miwili kama anayebariki. Sijawahi kusifiwa namna ile na mtu yeyote, na nilikwenda nyumbani kama sikanyagi chini.

Jumatatu alikwenda hospitali kupasuliwa jicho. Alinipa ufunguo, akarudia masharti yake. "Watakunjamana kidogo. Usihangaike. Mwache mtoto na yaya. Maji juu, hapana."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Maji juu?"

"Hapana."

Jumanne jioni nilitoka kazini nikapita. Walikuwa wamekunjamana. Alikuwa ameniambia watakunjamana, maneno yake yalikuwa masikioni mwangu, na bado nilipowaona wale watoto watatu wa mwisho wa Kemunto wamenywea vile, kitu cha miaka kumi na tisa kilinishika mkono. Nikajiambia ni ukungu tu. Nikainua glasi, nikachukua pampu ndogo, nikawapulizia kila mmoja mara moja. Waling'aa. Nikafurahi, na hiyo furaha ndiyo huwa nashindwa kujisamehe.

Jumatano walikuwa wamevimba vizuri. Alhamisi chini yao kulikuwa na mstari wa kahawia. Nilipogusa wa kwanza, aliteleza kutoka kwa yaya wake na kubaki kwenye kidole changu, maji matupu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nilimwangalia mpaka giza, nikimwomba Mungu, naye akalala upande.

Niliwachukua kwenye kipande cha karatasi, nikashuka shambani, nikawatupa kwenye mstari wa nne wa chai, pale panaporundikwa matawi yaliyopogolewa. Kisha nikarudi kwenye veranda, nikachagua miche mitatu ya kawaida kutoka trei ya Mwalimu mwenyewe, ya mbegu za hapa hapa, nikaibebesha juu ya mayaya wapya na kuifunika kwa glasi zile zile. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo.

Alirudi Ijumaa na bandeji. Kabla hajaketi aliuliza, "Wanaendeleaje?"

"Wameshika, Mwalimu."

Alilia. Mtu yule niliyemwogopa tangu nina miaka saba alisimama katikati ya veranda na kulia kwa sauti, na mimi nikasema moyoni kwamba nimefanya vizuri.

Ningependa kusema kwamba alijua. Watu hupenda kuamini hivyo, kwamba mzee hudanganywa kwa hiari yake. Hakujua. Jicho halikurudi vile walivyotumaini, aliona vivuli tu, na vidole vyake vilivyotetemeka havikuweza kusoma miiba ya milimita moja. Kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza habari zao nami nikamweleza: wa kwanza ana miiba sita sasa, wa pili amekolea kijani, wa tatu ndiye mkubwa. Hayo yote yalikuwa kweli, kwa wale waliokuwepo. Kanisani akawatangaza kama wajukuu. Watu wakaja kuwatazama, wakatoa viatu mlangoni.

Kisha akamwita fundi. Pale kwenye nafasi, kando ya mkewe, fundi akajenga kisanduku cha saruji chenye kifuniko cha kioo, cha kuzuia mvua. Mwalimu alisema miche itakaa humo, na jina la Kemunto litaandikwa mbele, na Jumamosi mchungaji atakuja kuombea. Kwa miaka yote ile hakuwa amepata cha kuweka pale, na sasa amepata. Alinieleza haya akitabasamu, na mimi nikatazama miche yangu mitatu ya uongo na kuona kwamba mtu huyu atapiga magoti mbele yao mpaka afe.

Alhamisi nilikwenda. Alikuwa kwenye veranda, kidole chake juu ya ukingo wa kopo la tatu.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia kitu kibaya."

"Ng'ombe yenu imeingia kwa chai yangu?"

"Hapana. Ni watoto. Hawa si wa Kemunto. Wa Kemunto walioza ukiwa hospitali. Niliwapulizia maji. Niliogopa, nikaweka wengine."

Aliondoa kidole kwenye kopo. Alikiweka juu ya paja lake kwa uangalifu.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

"Na nikakuuliza tena."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ni Jumapili ngapi sasa?"

"Kumi na mbili."

Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia na kufunga. Nilibaki pale. Nilitaka anitukane, nilitaka hata kile kiboko. Nilisikia akivuta vitu ndani, kiti, sanduku. Nilikuwa nimeanza kushuka ngazi mlango ulipofunguliwa, naye akatoka amevaa koti lake la kanisani na gambuti.

"Uliwatupa wapi?"

"Mwalimu..."

"Wa dirishani, nimekuuliza. Uliwatupa wapi?"

Nilimshika mkono tukashuka. Chai ilikuwa na maji, ikatulowesha mpaka kiunoni. Tulipita kaburi la Mama Kemunto na kile kisanduku cha saruji bila kusimama. Kwenye mstari wa nne nikasema ni hapa.

"Hapa wapi? Weka mkono wangu."

Nikamsaidia kupiga magoti, nikasogeza matawi, nikauchukua mkono wake na kuulaza juu ya udongo. Hakukuwa na kitu chochote pale, bila shaka. Akapapasa majani yaliyooza.

"Watu huniuliza kwa nini binti yangu alikwenda mbali vile," akasema. "Huwa nawaambia alipenda mwenyewe. Hakupenda. Alitaka kufanya kazi hapa Kericho, awe karibu. Alinililia. Nikamwambia asinitie aibu, wenzake wanaenda. Mamake alikufa bila kujua hilo. Hakuna mtu anajua."

Nililia tu, na sikulia kwa adabu.

Alivua kofia. Alisema jina lote la Kemunto, yale majina matatu, kwa sauti ya kuita rejista. Akangoja, kama mwalimu anavyongoja mtoto aitike. Kisha akakusanya udongo kwa vidole vyake, ukamwagika nusu kwa kutetemeka, akautupa pale, na tena, na mara ya tatu.

Akajifuta mkono kwenye koti na kugeuza uso upande niliposimama.

"Na wewe," akasema.

Nikainama, nikachukua udongo.